Wagonjwa wa Kuazima

Mkuu wetu wa hospitali tulimwita Bwana Tai, kwa sababu hata joto liwe la kuchemsha ubongo, tai haikumtoka shingoni. Udaktari alishauacha. Alichobaki nacho ni koti jeupe la kupigia picha na simu mbili ambazo hazikupokelewa kamwe mgonjwa akizidiwa.

Mimi nilikuwa msimamizi wa wodi ya watoto. Zamani, msimu wa kuharisha ukifika, mle ndani hapakuwa na pa kukanyaga. Kitanda kimoja watoto watatu, vichwa huku miguu kule, na mama zao sakafuni juu ya maboksi yaliyokunjuliwa. Tulitafuta mishipa ya kutundikia maji hadi utosini. Kuna waliotufia mikononi tukiwa bado tunaitafuta.

Halafu ikaja chanjo ya virusi vya rota, yale matone anayodondoshewa mtoto mdomoni akiwa bado mchanga. Sikuitilia maanani sana. Msimu wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, vitanda vikaanza kubaki vitupu. Kuharisha hakukuisha, lakini wa kulazwa walikuwa wa kuokoteza. Asubuhi moja nilikunywa chai yangu hadi tone la mwisho ikiwa bado ya moto. Aliyewahi kufanya kazi wodini anajua hiyo ni anasa ya namna gani.

Bwana Tai alivitazama vitanda vitupu akaona msiba. Alikuwa amewalilia wafadhili wajenge wodi mpya ya watoto wanaoharisha, akitumia hesabu za enzi zile za maboksi. Wodi ilikuwa imekwisha kujengwa, vigae vinateleza kwa kung'aa, na mgeni rasmi alikuwa njiani kuja kukata utepe.

"Sista, wagonjwa wako wapi?" aliniuliza.

"Wamepona, mkuu. Wengine hawakuugua kabisa."

"Acha mzaha. Kesho wanakuja watu na kamera. Niwaonyeshe nini, mashuka?"

"Waonyeshe mashuka. Waambie chanjo imefanya kazi. Hiyo si habari njema?"

Akaniangalia kama nimemshauri aje kazini na kaptula. "Hakuna anayekata utepe kwa ajili ya ugonjwa uliopungua," akasema.

Kesho yake akamtuma karani wake kliniki, ambako kina mama walikuwa kwenye foleni ya chanjo. Wakaambiwa atakayekubali kukaa kidogo kwenye wodi mpya atahudumiwa wa kwanza. Nani atakataa? Wakaja na vitoto vyao vinene, vinacheka, kimoja kinatafuna chuma cha kitanda. Karani akapita akiwabandika mirija ya dripu mikononi kwa plasta, bila sindano, kama anapamba harusi. Kitanda cha karibu na mlango, ambacho kamera ingekiona kwanza, alipewa shemeji yake Bwana Tai na mtoto wake, nywele zimetoka saluni na midomo inang'aa kuliko vigae. Wodi ya zamani ikafungwa, ufunguo ukaingia mfukoni mwa mkuu, mgeni asije akauona utupu wake.

Mimi nilisimama pembeni na chuki yangu. Hapo ndipo msichana mmoja alipoingia mbio, amebeba mtoto aliyelegea kama nguo iliyoloa. Macho yamezama, utosi umebonyea. Nikamfinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama; maji yalikuwa yamemwishia mwilini.

"Tangu jana anaharisha na kutapika, dada. Sasa hata kulia halii."

"Matone ya chanjo alipata?"

"Nilikuja mara mbili nikaambiwa friji ya chanjo mbovu. Nikakata tamaa."

Friji ile naijua. Nilimlilia Bwana Tai aitengeneze mpaka koo likakauka, naye akanijibu kwamba vigae kwanza. Ilitengenezwa vigae vilipokwisha.

Nikatazama wodi nzima, vitanda vyote vina watu, na hakuna mgonjwa hata mmoja. Nikamwendea shemeji.

"Inuka, mama."

"Shemeji kasema nisiondoke mpaka nipigwe picha."

"Inuka, au huo mrija nikuunganishie sindano sasa hivi. Nachagua ile nene."

Akaruka na mtoto wake, kiatu kimoja akakiacha. Nikamlaza mgonjwa, nikashika mkono, mshipa hakuna, mguu, hakuna. Nilikuwa nimeupata mmoja mwembamba kichwani msafara ulipoingia, Bwana Tai mbele, anatiririka maneno. Alipotuona, uso ukamshuka. Kamera ilipogeuka, ukapanda tena. Akachuchumaa kando ya kitanda, mkono kwenye paji la mtoto.

"Sogea kidogo, sista, unaziba."

"Mkuu, shika chupa hii ya dripu uiinue juu, ama utupishe."

Kamera ilikuwa inamwangalia, akaishika. Niseme ukweli, aliishika vizuri, juu kabisa, huku anatabasamu. Ilikuwa kazi ya kwanza ya maana aliyoifanya tangu awe mkuu.

Mgeni rasmi naye akainamia kitanda cha jirani. "Pole mama. Mwanao anaumwa nini?"

"Haumwi, baba. Nimekuja kwa matone. Wameniambia nikikaa hapa sitapanga foleni."

Nikasema moyoni, leo limewafika. Mgeni akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Mmesikia? Hapa wanapona haraka kweli!" Watu wazima, wenye suti na vyeo, wakapiga makofi. Akaahidi vitanda zaidi, utepe ukakatwa, magari yakaondoka.

Jioni mtoto akakojoa. Kisha akalia, na machozi yakatoka. Mama yake aliniangalia kwa hofu, hakuelewa kwa nini nacheka.

Vitanda vya ahadi vililetwa kweli, vikarundikwa stoo na nailoni zake. Bwana Tai akapandishwa cheo, akahamia ofisi kubwa zaidi, na picha yake ikatundikwa ukumbini: daktari, chupa mkononi, mtoto chini yake.

Siku ya kuruhusiwa, yule msichana alisimama mbele ya picha, mwanawe mgongoni.

"Huyu ndiye daktari aliyemponya mwanangu?"

"Huyu alishika chupa," nikamwambia.

Akaitazama tena, juu mpaka chini. Akasonya, akaenda zake.