Nyasi Zilipokwenda kwa Aune

Siku ile mjinga alikuwa Toivo Karvonen, wala hakuna haja ya kumsingizia mwingine. Mwenyewe alikiri, ingawa alikiri wiki moja baadaye, wakati kukiri hakumfai mtu.

Siku yenyewe alijiona shujaa. Maji yalikuwa yamekupwa mbali kabisa, jua la Agosti linamchoma kisogo, naye kavaa buti za mpira hadi mapajani, mashine ya kufyekea inanguruma kiunoni, anazilaza zile nyasi ngeni kama kinyozi mwenye hasira. Nyasi hizo zilikuwa zikiila ghuba taratibu. Zikishika mahali, tope linanasa kwenye mizizi, sakafu inapanda, na palipokuwa na chaza panageuka uwanja wa bata bukini.

Wakubwa wa wilaya walitaka kuzimwagia dawa kwa helikopta. Kihori kile, mkono mwembamba wa ghuba alimokuwa akifyeka, kilikuwa cha watu wawili tu: nusu ya mdomoni ya Toivo, nusu ya ndani ya Aune, mjane wa marehemu kaka yake Reino. Helikopta isingeruka juu ya tope la mtu bila saini yake. Toivo alikwisha kataa. Lakini maji ya Aune yote hupita kwa Toivo yakikupwa, kwa hiyo saini ya Aune peke yake ingetosha kumnywesha dawa na yeye.

Na Toivo alikuwa na sababu zake. Ujanani aliona dawa nyingine ikimwagwa matopeni kuua kamba wachimba mashimo. Waliambiwa haidhuru kitu kingine. Asubuhi yake kaa walikuwa wametapakaa ufukweni, tumbo juu, shakwe wamekula hadi hawawezi kuruka. Baba yake aliwafukia kwa sepetu. Tangu hapo, mtu akitamka "haidhuru kitu kingine" mbele ya Toivo, Toivo hutafuta kofia yake aondoke.

Kwenye mkutano wa wafuga chaza alisema nyasi zinaweza kufyekwa. Mwenyekiti, Vern Odegaard, akamwangalia juu hadi chini.

"Utazifyeka na nini, Toivo? Mkasi wa kucha?"

"Nipeni msimu mmoja."

"Msimu! Wewe ukiinama kufunga kamba ya kiatu tunaita gari la wagonjwa!"

Ukumbi mzima ulicheka. Toivo naye akacheka, na kile kicheko chake mwenyewe ndicho kilichomuuma zaidi. Aune peke yake ndiye aliyesimama.

"Mwacheni shemeji yangu," alisema. "Mimi sisaini mpaka nimwone ameshindwa."

Basi Aune alipokwenda mji wa Astoria kwa binti yake kwa wiki moja, Toivo akaona hiyo ndiyo nafasi. Arudi akute kihori kinang'aa! Akafyeka siku tatu mfululizo bila kumwambia. Jioni ya tatu aliingia sauna, chumba chake cha mvuke, kwa magoti, mgongo umekataa, moyo unaimba. Hakuinuka kitandani siku nne zilizofuata, na hakujali. Nyasi alikwisha zilaza.

Alichosahau, yeye aliyezaliwa ghubani, ni kwamba nyasi iliyokatwa baharini haikai ilipoangukia. Lilikuja bamvua, yale maji makuu, likaibeba yote, shehena nzima ya mabua, likaipeleka ndani kwa Aune. Huko Aune alikuwa na mbegu za chaza za mwaka ule, yaani chaza wachanga, zimeshikishwa kwenye kamba zilizotandazwa juu ya vigingi, safu kwa safu. Mabua yakanasa humo. Yakalowa, yakashiba tope, yakalala juu ya kamba kama godoro, na jua likawa linayapika kila maji yakitoka.

Toivo aliyaona siku ya nane, kabla Aune hajarudi. Aliinua fungu la kwanza kwa uma wa shamba, harufu ya mayai viza ikampanda puani. Akavuta kamba. Chaza wadogo, wa ukubwa wa kucha, walikuwa wameachama wote, ndani weusi. Akavuta ya pili. Akavuta ya kumi. Kisha akaketi kwenye tope na buti zake, na pale ndipo alipojiita kwa sauti mjinga, jina ambalo Vern alikuwa amemwita kwa miaka mingi.

Aune alirudi, akashuka kuangalia, akapanda nyumbani. Siku mbili baadaye Toivo alimwendea na mkate wa iliki ambao hata hakuukanda vizuri. Kwenye meza palikuwa na karatasi za wilaya.

"Umeshasaini?"

"Kaa, shemeji. Kahawa ipo."

"Aune, nimekuuliza."

"Nimesaini. Watu wa wilaya wamekuja mara mbili kuniomba, leo wanakuja mara ya tatu kuzichukua."

Toivo hakukaa. "Nitakupa mbegu zangu. Zote, chukua."

"Zako ziko yanakopita maji yangu. Helikopta ikipita zitakunywa dawa ile ile."

"Basi unajua!"

"Najua."

"Unajua, na bado ukasaini? Mimi nimewaona wale kaa, Aune. Umenikubali miaka yote, mbele ya watu!"

"Nilikukubali. Na kuhusu dawa huenda bado ni kweli usemayo." Akamimina kahawa, vikombe viwili. "Lakini sina tena cha kulinda huko chini. Umekimaliza."

"Sikukusudia! Mimi naipenda ghuba hii, nimezaliwa humu. Wale watu wa dawa ni akina nani? Wanaijali nini? Wao ni nani kwako?"

Aune akamsogezea kikombe.

"Ni watu waliobisha hodi mlangoni kwangu, shemeji, wakaniuliza kwanza."