Punje ya Muhindi Katika Shimo la Mtama

Punje nyeusi ya muhindi ilinikodolea macho kutoka chini ya kioo cha kukuzia, nami nikaitukana kwa sauti. Watu wa idara ya akiolojia wakageuka. Na wageuke!

Muhindi uliletwa Afrika na meli za Wareno, si zaidi ya miaka mia tano iliyopita. Mimi nilikuwa nimeandika kurasa kwa kurasa kwamba kijiji tulichofukua kilimani, nyuma ya mji wa Pinetown, huku kusini mwa Afrika, kilikuwa na umri wa miaka kama mia saba. Tulipata zizi lenye tabaka la samadi, meno ya ng'ombe, mawe ya kusagia, na shimo la nafaka lenye mtama ulioungua. Sasa muhindi umeingiaje humo?

"Kama muhindi umo, Kulthumu," profesa wangu alisema, "shimo ni la juzi tu. Na zizi pia, maana vyote viko tabaka moja. Hapo hakuna tasnifu."

Ilikuwa 1998 na ufadhili wangu ulikuwa ukingoni. Bila tasnifu ningerudi Tanga mikono mitupu, nikamweleze mama kwamba miaka yote hii nilikuwa nachimba mashimo.

Nilirudi chumbani kwetu, mtaa wa Point, nimefura. Nilikuwa naishi na dada Félicité, mkimbizi wa Bukavu, na roshani yetu moja ilikuwa maabara yangu na jiko lake. Mimi nilimimina udongo wa shimoni kwenye ndoo ya maji, mbegu zilizoungua zikaelea, nikazichota kwa chujio na kuzianika kwenye kanga. Yeye alichuchumaa hapo hapo akichoma mahindi ya kwenda kuuza ufukweni South Beach. Nilimwona kila siku, wala akili haikufanya kazi.

Jioni ile punje moja ikaruka kutoka jikoni, ikaangukia kanga yangu.

"Dada Félicité, huwa zinaruka hivyo?"

"Kila siku, mdogo yangu. Zenye kuanguka chini, minarudishaka kwa kitambaa yako. Nyeusi yote, mi nilizani iko yako." Akaniangalia usoni, akashika mdomo. "Eish! Nimekuharibia masomo?"

Nilifungua kichupa nilichokuja nacho kutoka idarani, nikaweka ile punje ya balaa ulimini. Chumvi. Ndimu. Halafu pilipili ikaniwasha. Mahindi ya kuchoma ya Tanga, na niliyemfundisha kuyapaka hivyo ni mimi mwenyewe! Nikacheka hadi machozi.

Kesho yake profesa hakucheka. "Ulimi wako si maabara," alisema. Lakini nusu ya udongo wa lile shimo ilikuwa bado idarani, gunia limefungwa vilevile lilivyotoka kilimani. Akaamua kuuosha yeye mwenyewe, mbele yangu.

Vitu vyeusi vikaelea. Nilitamani kufumba macho. Alichota, akatandaza, akainama kwenye kioo, akainama tena, na mimi nikamwona mama amesimama mlangoni Tanga ananisubiri.

"Mtama," alisema hatimaye. "Mtama mtupu. Mbegu za roshani tupa, andika kuhusu hizi."

Nikakaa sakafuni pale pale mbele ya wenzangu. Sikuona haya hata kidogo.

Nyumbani nilikuta roshani imefagiliwa, jiko limesukumwa uvunguni mwa kitanda, na beseni la mahindi mabichi halijaguswa. Dada Félicité hakwenda South Beach siku ile. Alikuwa amekaa tu, mikono mapajani.

"Basi?" aliuliza.

"Ni kijiji cha zamani, dada. Kweli kabisa. Walilima mtama, wakafuga. Meno ya ng'ombe wengine yamelika hadi kwenye fizi, walizeekea pale pale."

"Hakuna mtu aliwafukuza?"

Nilikumbuka ng'ombe wa baba yake, aliowaacha na zizi wazi usiku wa kukimbia Bukavu.

"Hakuna aliyewafukuza."

Akashusha pumzi ndefu. "Merci, Mungu," alisema, na machozi yakamtoka kwa ajili ya watu wa miaka mia saba iliyopita.

Niliinama, nikalivuta jiko kutoka uvunguni.

"Washa, dada. Nina njaa. Na pilipili usiibanie."