Mpaka Chupa Ziishe

Bibi Tsona alivunjika mkono wa kulia mwezi wa nane, wiki ile ile hoho zinaanza kuiva. Aliteleza kwenye bustani yake mwenyewe, juu ya nyanya. Nilipofika hospitali nilimkuta anagombana na daktari.

"Hili plasta linatoka lini?"

"Wiki sita, mama."

"Wiki sita! Hoho zangu zinakungoja wewe?"

Jumapili yake mjomba Vangel akaja kutoka mjini Sofia na gari lake safi. Mjomba ni mtu mzuri, ila akiingia nyumbani kwa mama yake havui koti, kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme.

"Mama, sasa basi," akasema. "Majira ya baridi yakija, unakuja kukaa kwangu. Kuna lifti, kuna joto, hubebi kuni."

"Na kuku wangu?"

"Kuku tutawala."

"Anza kujila wewe, una nyama zaidi."

Mjomba hakucheka. "Mtu asiyeweza kujiwekea chakula cha msimu wa baridi haishi peke yake kijijini. Maneno yako hayo. Ulimwambia mzee Gencho mbele ya watu, akafungasha, akaenda kwa binti yake."

Mjomba alisema kweli, mimi nilikuwepo. Bibi akatazama dirisha, halafu akatazama plasta lake.

"Njoo siku ya Msalaba," akasema. "Ukikuta stoo tupu, nafunga nyumba nakufuata. Ukikuta imejaa, sitaki kusikia habari ya lifti mpaka nife."

Siku ya Msalaba ni sikukuu ya kanisa, katikati ya mwezi wa tisa. Hesabu mwenyewe. Mwanamke ana mkono mmoja wa kushoto, na stoo ya chini ina rafu nne za chupa tupu.

Mimi niliacha shule nikiwa na miaka kumi na sita, naziba pancha kwa jamaa mmoja barabarani. Sikai sehemu moja, miguu inaniwasha. Rafiki yangu Biser alikuwa ameshaniwekea kiti kwenye gari la kwenda Uhispania kuchuma machungwa, mwezi wa kumi na moja. Lakini yule bibi ndiye aliyenilea mama alipokwenda Ugiriki kufanya kazi. Nikamwambia yule jamaa wa pancha nakuja mchana tu, asubuhi nina shughuli.

"Shughuli gani?"

"Hoho."

Akanicheka mpaka akaangusha spana.

Kuchoma hoho si kazi. Unaitumbukiza kwenye chungu cha umeme cha kuchomea, inapiga kelele, unaitoa nyeusi. Kumenya ndiyo kazi. Lazima umenye ikiwa ya moto, na huruhusiwi kuiosha kwa maji, utamu unaondoka. Nilimenya kilo themanini. Vidole vilitoka malengelenge kama nimeshika injini. Bibi amekaa kwenye kigoda pembeni yangu, mkono kifuani, mdomo hauna plasta.

"Umeacha ganda."

"Wapi?"

"Hapo. Na hapo. Mume wangu, kwa kumenya huku mke atakukimbia."

"Sina mke."

"Ndiyo nakwambia sababu."

Tukasaga hoho, nyanya na biringanya, tukamimina kwenye sufuria kubwa uani, kuni chini. Hiyo ndiyo lutenitsa, rojo la kupaka kwenye mkate, na haihitaji akili, inahitaji bega. Unakoroga kwa mwiko mrefu kwa saa tatu, nne, inakurukia usoni kama mate ya ngamia. Ukiacha dakika moja imeungua chini, na ikiungua sufuria nzima inanuka moshi. Imeiva lini? Unaburuta mwiko ndani, kwenye kitako cha sufuria. Njia ya mwiko ikibaki wazi, haizibi na kitako kinaonekana, tayari. Ikiziba, endelea.

Miaka yote bibi aliburuta mwenyewe. Safari hii hakuweza. Mwiko ule unataka mikono miwili, na moshi unamtoa machozi haoni. Kila mara ananiuliza, "Njia imebaki?"

"Bado."

"Imebaki?"

"Bado, bibi."

Saa ya nne bega lilikuwa si langu tena. Nikaburuta. Njia ikafunguka, ikakaa kidogo, ikaziba.

"Imebaki," nikasema.

Bibi akasema nilete sahani na kijiko. Akachota mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akamwaga katikati ya sahani, akangoja. Taratibu, maji mekundu yakaanza kutoka pembeni, duara zima.

"Ona hayo," akasema. "Hayo maji mwezi wa kwanza ni ukungu. Vangel angefungua chupa, angenusa, angeniambia vaa viatu twende."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenipiga. Nikashika mwiko, nikakoroga saa nyingine nzima, na njia ilipobaki sikusema kitu. Nilimwita aje aone. Akainama katikati ya moshi, akatazama ndani ya sufuria kama anatazama kisimani.

"Sasa ndiyo," akasema.

Tukajaza chupa, nikakaza vifuniko, nikazipanga kwenye pipa na matambara katikati zisigongane, maji juu, moto chini. Halafu zikalala kichwa chini, zimefunikwa blanketi, mpaka kesho yake. Tukaenda hivyo wiki tatu. Baada ya lutenitsa, hoho za kuchoma. Baada ya hoho, matango. Chupa mia moja na kumi na mbili. Moja tu ilivuja. Tukaila hapo hapo na mkate na jibini, tumesimama uani. Sijawahi kula kitu kitamu namna ile, na mimi nakula kila kitu.

Siku ya Msalaba mjomba akaja. Akashuka stoo na koti lake. Akatoa chupa moja nyuma kabisa ya rafu, mjanja yule, akaipindua, akagonga kifuniko, akaifungua. Ikatoa ule mlio wa chupa iliyofungwa vizuri. Akapaka kwenye mkate. Akala. Akapaka wa pili.

Halafu akaona vidole vyangu.

"Mama, hukufanya wewe. Kafanya Spas."

"Nani kakwambia lazima mkono uwe wangu?" bibi akasema. "Wewe ukiwa mdogo kuliko yeye nilikuomba umenye hoho kumi. Kumi, Vangel. Ukakimbilia mtoni. Huyu kamenya kilo themanini."

"Sawa. Na theluji ikianguka? Kuni nani anabeba? Huyu? Huyu anakwenda Uhispania."

Nilikuwa sijamwambia bibi. Biser ana mdomo.

Bibi hakunitazama. Alikuwa anafuta kifuniko kwa kona ya aproni, kile kile, kilichokuwa safi tangu mwanzo. Na hakuniomba. Angeniomba labda ningepata hasira nikaondoka.

"Machungwa yapo kila mwaka," nikasema. "Nakaa hapa. Mpaka chupa ziishe."

Mjomba akanitazama, akazitazama rafu, midomo ikimsogea anahesabu. Akavua koti. Akalitundika kwenye msumari wa stoo.

"Basi leteni mkate mwingine," akasema. "Tumsaidie Spas kuzipunguza."

Tulikula chupa mbili nzima. Alipoondoka, nyuma ya gari lake kulikuwa na nyingine ishirini, na hakuitaja lifti hata mara moja.

Kesho yake asubuhi nilikuwa bado kitandani. Bibi akagonga mlango kwa plasta.

"Spas! Amka. Koliflawa imeshakua, na nyanya za kijani, na karoti. Achari bado."

"Bibi, chupa zimekwisha."

"Najua. Nenda kwa majirani, kakusanye tupu." Akafikiri kidogo. "Hamsini. Hapana, lete sitini."