Refa, Kamera na Utani wa Selemani

Kabla ya kamera, Jacques alitukanwa kila Jumapili. Alitukanwa kwa Kiswahili cha Bukavu na cha Tanga, kwa Kifaransa na kwa Kizulu, na wapo waliomtukania hata mama yake ambaye hawakuwahi kumtia machoni. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba Jacques aliichukia ile kamera, mwambie aache uzushi. Aliipenda kama unavyompenda jirani aliyekutoa kwenye ugomvi.

Mchezo wenyewe ulikuwa mpira wa Kimarekani, ule wa yai la ngozi linalobebwa mikononi. Wamisionari wa kanisa moja pale Observatory, Johannesburg, ndio waliouleta, wakawafundisha vijana, kisha wakarudi kwao wakaacha mipira na mikanda. Naam, mikanda, kwa sababu vijana wetu hawakuangushana kama wale wa kwenye televisheni. Nani angewalipia hospitali? Kila mchezaji alining'iniza riboni kiunoni, na ukimwahi mwenye mpira ukaichomoa riboni yake, safari yake imeishia hapo. Wachuuzi wa Marshalltown walikuwa na timu yao, wapangaji wa La Rochelle na yao, Wakongo na Watanzania wamechanganyika humo humo.

Refa alikuwa Jacques, mtu wa Kindu, kule Manyema, Kongo, mwenye umri wa kuitwa Papa na kila kijana. Siku za kazi alikuwa mlinzi kwenye geti la jengo la ofisi Marshalltown, na watu walimpita pale kana kwamba yeye naye ni sehemu ya geti. Jumapili alivaa shati la mistari myeusi na myeupe aliloshonewa na mkewe Léocadie, akatundika filimbi shingoni, akachomeka mfukoni kitambaa cha njano cha kurushwa chini kosa likitokea. Hapo wanaume wazima walimgeukia wakauliza, "Refa, vipi?" na wakangoja jibu. Jamani, usimcheke mtu kwa kitu kidogo kama hicho. Ndicho kilichomfanya aamke Jumatatu.

Mwaka 2017 alikubali bao la mtu ambaye riboni yake ilikuwa imeshachomolewa. Hakuona. Uwanja uliwaka moto, na mtu mmoja akamvunja jino. Aliyempeleka kliniki ni Chris, katibu wa ligi, kijana wa Kikongo aliyezaliwa Johannesburg, anayesikia Kiswahili chote lakini akifungua mdomo kinatoka Kiingereza. Chris alilia njia nzima kuliko mwenye jino. Akazunguka kuomba michango, akanunua kamera, akaifunga juu ya mlingoti, na picha zikawa zinaonekana kwenye tableti yake. Sheria mpya ikapitishwa: refa akisema hivi na picha ikasema vile, picha ndiyo inayofuatwa. Refa atakayekaidi picha atarudisha filimbi, na hairudi tena kwake.

Jacques aliipigia kura sheria hiyo kwa mikono miwili. Tangu siku ile hakutukanwa. Kila palipokuwa na ubishi aliangalia tableti, akasema ilichosema tableti, akalala usingizi wake.

Sasa Jumapili moja mwaka uliofuata, Duni, mchezaji wa La Rochelle, alikuja kucheza akiwa amefiwa. Baba yake alikuwa amezikwa Kisarawe katikati ya wiki, na Duni hakwenda, maana karatasi zake zilikuwa bado hazijatoka. Angevuka mpaka asingeweza kurudi. Watu wote walimpa pole. Alijibu "nimeshapoa" kwa kila mmoja, macho makavu, uso umekaza kama mtu anayesubiri basi. Jacques alimwambia, "Duni, mtoto wangu, leo upumzike." Duni akasema akikaa chumbani atapasuka.

Kipindi cha pili Duni alipokea mpira akatimka nao pembeni. Aliyemkimbiza alikuwa Selemani wa Marshalltown, Mnyamwezi wa Tabora, muuza mikanda na miwani, rafiki yake wa miaka mingi. Selemani akaichomoa riboni, Duni akateleza akaanguka kwenye nyasi. Filimbi ikalia. Kawaida hapo unampa mwenzako mkono anyanyuke.

Selemani hakumpa mkono. Alipinda mgongo, akaishika ile riboni kama mkongojo, akaanza kuchechemea akimzunguka Duni huku akikohoa kikohozi cha kizee.

"Duni! Duni we!" akaita kwa sauti ya kukwaruza. "Yaani mimi nazikwa na majirani, wewe uko Johannesburg unakimbiza yai! Shuka niliyokuagiza iko wapi? Au umempa mwanamke?"

Selemani akajitupa chini chali, akanyoosha miguu, akafumba macho.

"Sizikwi!" akapiga kelele. "Nasema sizikwi! Acheni hilo jembe! Mpaka mwanangu aje!"

Mkono wa Jacques ulirusha kitambaa cha njano kabla kichwa chake hakijafikiri. Wakongo wa timu ya La Rochelle walikuwa tayari wamekunja ngumi. Kumkejeli mpinzani ni kosa katika mchezo huo, na ligi ilikuwa imeongeza kwamba ukimkejeli mtu kwa maiti yake, unafukuzwa moja kwa moja. Jacques alisimama mbele ya Selemani.

"Weye ni mutu gani?" akamfokea. "Mwenzako amefiwa, weye unacheza na baba yake?"

Selemani alifumbua jicho moja. "Nimemaliza, mzee. Fanya kazi yako."

Hapo ndipo Jacques alipomtazama Duni. Duni alikuwa amekaa kwenye nyasi, mabega yanamtikisika, na Jacques akajua analia. Kisha akasikia kwamba anacheka. Halafu akaona ni vyote viwili kwa pamoja, machozi na kamasi na kicheko, mtu amefunguka kama bomba lililokuwa limeziba.

"Anakohoa vile vile," Duni akasema. "Eish, Papa Jacques, baba alikuwa anakohoa vile vile. Huyu alimsikia kwenye simu tu!"

Chris alikuja mbio na tableti. Akaonyesha. Picha haikuwa na shaka hata chembe: Selemani anachechemea, Selemani amelala, Duni anafuta macho.

"Ona, Papa," Chris akasema kwa Kiingereza chake, kwa upole. "Amemliza. Hapa hakuna cha kujadili."

Jacques alitafuta njia ya huruma, na njia ilikuwepo. Sheria iliruhusu mkosaji akiomba radhi mbele ya kamera, na aliyekosewa akipokea, adhabu ipungue iwe kurudishwa nyuma yadi kadhaa tu. Akamwambia Selemani aombe radhi, mambo yaishe, watu wacheze.

"Siombi," Selemani akasema.

"Weye, nakuokoa, na unakataa?"

"Mzee, mimi Mnyamwezi, huyu Mzaramo. Sisi watani. Nikimwomba radhi itakuwa nimemtukana kweli."

"Na mimi nikiipokea," Duni akadakia, "itakuwa nimekasirika. Sijakasirika. Mtatugombanisha bure."

Jacques alishika kiuno. Duni akainuka, akamweleza polepole, kama unavyomweleza mkwe. Kwao msibani kila mtu analia, ila mtani kazi yake si kulia. Mtani anamwigiza marehemu, anamsema maovu yake, analala kaburini anakataa kutoka, mpaka wafiwa wacheke wakiwa wanalia. Asipokuja mtani, msiba unakuwa kama haujafika.

"Kule Kisarawe watani walikuwepo," Duni akasema. "Lakini msiba wangu mimi uko hapa. Na hapa mtani wangu ni huyu mwehu. Tangu nipigiwe simu sijalia, Papa. Nilidhani nimekuwa jiwe."

Chris alisikia kila neno. Usidhani hakuumia.

"Naelewa," akasema. "Kweli naelewa. Lakini leo tukisema hii ni sawa, wiki ijayo mhuni mwingine atamtukania mtu marehemu wake, na ataniambia ni utani. Nitamjibu nini? Tuliweka picha ili pasiwe na huyu mwema na yule mbaya. Uliunga mkono wewe mwenyewe."

Na alisema kweli. Hilo ndilo lililomchoma Jacques, kwamba kijana alisema kweli. Aliitazama tena tableti. Angetamani ionyeshe kitu kingine, lakini ilionyesha kile kile, sawasawa kabisa, na hata yale machozi, ambayo yeye alijua ni dawa, kwenye kioo yalikuwa ushahidi wa kumfunga Selemani. Akawaza geti la Marshalltown. Akawaza Jumapili za kukaa chumbani akimsikiliza Léocadie na cherehani yake, bila mtu wa kumwuliza "Refa, vipi?" Angeweza kusema tu kilichosemwa na picha, na hakuna ambaye angemlaumu, pengine hata Selemani mwenyewe.

Akainama akaokota kitambaa cha njano, akakirudisha mfukoni.

"Hakuna kosa," akasema. "Selemani anabaki."

"Papa, usinifanyie hivyo," Chris akasema.

"Nimeshasema."

"Picha inaonyesha..."

"Picha inaonyesha sawa. Haijakosea hata kidogo. Mimi nasema hakuna kosa."

Kisha Jacques akavua filimbi mwenyewe, maana aliona mkono wa kijana hauwezi kuiomba. Chris aliipokea, akaigeuza geuza, akaenda katikati ya uwanja akachezesha dakika zilizobaki, anapuliza huku sauti ya filimbi inatetema. Nani alishinda siku ile, hata mimi sikumbuki.

Jacques alikaa kwenye ngazi za zege kando ya uwanja akibadilisha viatu. Iliuma. Sitakuficha, iliuma kuliko lile jino. Watu walipita mmoja mmoja wakimpa pole kwa sauti ya chini, wengine wakimgusa bega, naye akajibu "asante, asante" huku akifunga kamba ile ile mara ya pili. Alitamani waende tu.

Ndipo Selemani akaja, na Duni nyuma yake, macho mekundu. Selemani hakutoa pole. Alisimama mbele ya ngazi, mikono kiunoni, akapaza sauti uwanja mzima usikie.

"Afadhali wamekunyang'anya! Refa gani wewe? Filimbi unapuliza kama uji wa moto! Shati lenyewe la mistari, ukilala kando ya barabara watu watavukia juu yako! Mmanyema wewe! Babu zako walipita kwetu Tabora, wakala mihogo yetu, wakaondoka hata kuaga hawakuaga!"

Damu ilimpanda Jacques. Akainua uso kutafuta neno la kumkomesha, akamwona Duni anamtazama akingoja, na akaelewa kinachofanywa, na kwamba mfiwa sasa ni yeye.

"Mihogo gani?" akasema. "Ile michungu? Babu aliharisha mpaka Kindu!"

Duni akaanguka kwa kicheko. Jacques naye akacheka, akacheka mpaka ubavu ukamuuma, na katikati ya kicheko machozi yakaanza kumtiririka juu ya shati la Léocadie. Selemani aliyaona, lakini hakunyamaza. Alivuta pumzi akaendelea na babu, akaja kwa baba, akamalizia na kipara, wala Jacques hakutaka anyamaze.