Uwanja Ulioinamia Nyumba

Ndinda aliposhuka kitandani alikanyaga maji. Ilikuwa Aprili, mwaka wa hamsini na saba, na hiyo ilikuwa mara ya nne mwezi huo maji kupenya chini ya ukuta wa mbele wa nyumba yao pale Majengo, Thika. Mikeka ilikuwa imeoza pembeni. Bintiye Mbithe alikuwa na kikohozi kisichosikia dawa.

Mumewe, Muasya, alikuwa fundi wa mashine katika shamba la mkonge upande wa Ruiru, na kila Jumamosi alirudi kwa baiskeli na tiba mpya. Kwanza alileta saruji, akapiga ukuta lipu. Jumamosi iliyofuata, chokaa. Ya tatu akaja na kopo la lami, akaupaka ukuta kutoka chini hadi usawa wa magoti, nyumba ikaonekana kama imevaa soksi nyeusi.

"Baba Mbithe," Ndinda alimwambia, upole ukiwa umebaki kidogo sana, "shida si ukuta. Uwanja umeinamia kwetu. Maji yote ya huko juu yanakuja kulala hapa."

"Umejuaje?"

Ndinda alitoka nje. Alichota maji debe moja, akayamwaga hatua sita mbele ya mlango. Yakajikokota moja kwa moja hadi kwenye msingi, yakatuama.

Muasya aliyatazama. "Lami bado haijakauka," akasema.

Jumatatu, mumewe akiwa amekwenda kazini, Ndinda alishika jembe. Alilima kwa hasira mpaka jirani yake, Mama Khamisa, mwuza maandazi, akachungulia juu ya ua.

"Ukikata ovyo hivyo utanimwagia mimi," alisema, akaja na sepetu yake. "Tuyapeleke barabarani."

Waliparua udongo mwekundu wa uwanjani, wakausogeza ukutani na kuushindilia kwa gogo, tabaka baada ya tabaka, mpaka ukawa juu penye msingi na kuteremka polepole kwenda nje. Kipimo chao kilikuwa chupa ya maji isiyojaa, iliyolazwa juu ya ubao: kiputo kikikimbilia upande wa nyumba, basi huko ndiko juu. Mbele zaidi wakachimba mfereji wa kuyapokea maji ya huko juu na kuyazungusha hadi barabarani. Kazi ilikula siku tatu, na viganja vya Ndinda vikatoka malengelenge.

Ijumaa ikanyesha kutwa nzima. Sakafu ikabaki kavu. Ndinda alikaa kwenye kigoda akiitazama, machozi yakamtoka, asijue ni ya furaha au ya uchovu.

Kesho yake Muasya aliingia, koti likichuruzika, akainama kupapasa sakafu. Akatabasamu. "Si nilisema? Lami ni lami."

Mama Khamisa, aliyekuwa ameleta maandazi, aliziba mdomo kwa leso.

"Muasya," Ndinda akasema, na hakuwa na desturi ya kumwita kwa jina. "Toka nje ukaangalie."

"Mvua inanyesha."

"Ndiyo sababu."

Alitoka. Kupitia mlangoni Ndinda alimwona akiyafuata maji kwa macho, kutoka juu mpaka mferejini, kutoka mferejini mpaka barabarani. Alisimama pale muda mrefu. Aliporudi alivua kofia.

"Nani alikupimia?"

"Chupa."

Muasya alijipangusa uso. "Upande wa jikoni nao umeinama," akasema taratibu.

"Tangu mwezi wa pili nakwambia. Jembe liko nyuma ya mlango."

Akavua viatu, akalichukua.