Jumapili ya Masufuriani

Mji ule una daraja moja tu, na kila mwenye njaa akifika darajani ana maswali mawili ya kujiuliza: nina nini mfukoni, na nani ataniona? Ukikata kulia unaingia mtaa ambao watu wameubatiza Viooni, kwa ajili ya mikahawa yake ya kuta za vioo, vitambaa vyeupe vya meza na wahudumu wanaokuinamia utadhani wamewahi kukukosea. Ukikata kushoto ni Masufuriani. Huko kuna mabenchi, moshi na vibanda vilivyobanana, na kuna desturi moja ambayo Viooni hawaijui: mteja hufunua sufuria mwenyewe, akanusa. Akiridhika hukaa. Asiporidhika hufunika na kwenda kibanda cha pili, na mpishi hanuni.

Jumapili hiyo mzozo ulianzia sebuleni kwa msusi. Baba yake, fundi magari aliyestaafu, alikuwa amekuja kuwatembelea, na ilikuwa imekubaliwa kwamba siku hiyo hakuna kupika. Watakula nje. Wapi sasa, hapo ndipo ngoma ilipokuwa.

"Baba, nimeshaweka nafasi Viooni," mume wa msusi alisema. Alikuwa dalali wa nyumba, ingawa neno hilo la dalali alilichukia na kadi zake ziliandikwa "mshauri wa makazi". Shati lake halikuwa na kunyanzi hata siku ya mapumziko.

"Viooni mlinipeleka safari ile," mzee alijibu. "Wakaniletea sahani pana kama usukani wa lori, na katikati kipande cha samaki cha kumpa paka aliyeshiba. Nikarudi hapa kuomba mkate. Leo nataka Masufuriani."

"Masufuriani si mahali pa kumpeleka mkwe!"

Alilisema kwa sauti ambayo msusi hakuizoea. Huyu alikuwa mtu asiyebishana na baba mkwe wake hata kuhusu mpira. Sasa alikuwa amesimama katikati ya sebule, anazungumzia inzi, maji machafu, magonjwa ya tumbo, watu wasionawa mikono, mpaka binti yao akaacha kuchora akamkodolea macho.

"Basi wewe nenda Viooni," mzee akasema kwa upole, akitafuta viatu vyake. "Sisi tutakukuta nyumbani."

Mgeni ni mgeni, na mkwe ni mkwe. Wakakata kushoto.

Mume alivaa miwani ya jua, na jua lenyewe halikuwepo. Kila walipopita kibanda alisema, "Hapa panafaa, tukae," lakini mzee alikuwa amekolea. Alifunua, akanusa, akafunika. "Hapa chumvi imekuja peke yake." Akasonga. "Hapa kitunguu kimeungua, wakakiombea radhi kwa nyanya." Wapishi walicheka, naye akacheka nao. Msusi pia alikuwa anacheka, mpaka walipofika kibanda cha mwisho, baba yake akafunua sufuria ya maharage na akabaki na mfuniko mkononi.

"Hapa kuna mtu anayejua anachofanya," alisema.

"Hapa pana joto," mume akasema haraka. "Twendeni kwingine."

"Joto limejaa mtaa mzima, mwanangu. Kaa."

Mwenye kibanda alitoka nyuma na mwiko mkononi. Alikuwa mama wa makamo, mwili umejaa, kilemba kimefungwa imara. Aliwatazama wote, macho yakamfikia mume wa msusi, yakasita kidogo tu, kisha yakaenda kwa mtoto, na huko yakakaa. "Karibuni wateja," alisema.

Mzee aliagiza wali kwa maharage kwa watu wote, akamwomba mama asiwaonee huruma. Sahani zikaja. Ya mzee, ya msusi na ya mtoto, maharage yalikuwa juu ya wali, kama kawaida ya dunia. Ya mume ilikuwa na wali mkavu upande mmoja, maharage yake kwenye bakuli la peke yake, na pembeni pande la ukoko, upande wa kahawia umegeuzwa juu, umenyunyiziwa chumvi.

Msusi aliitazama sahani ile, na kijiko chake kikasimama hewani. Hivyo ndivyo mumewe alivyokula. Hivyo tu, na si vinginevyo. Yeye mwenyewe alipoolewa alihangaika wee mpaka akajifunza: bakuli peke yake, ukoko pembeni, kahawia juu, chumvi kidogo. Mtu mwingine yeyote aliyempakulia alikosea. Na leo mumewe hakuwa ameagiza chochote, kwa sababu tangu wakae hakuwa amefungua kinywa.

"Mama," msusi aliuliza, "umejuaje kama huyu hula hivi?"

"Wateja ni wengi, mwanangu. Mkono umebahatisha." Sauti ilikuwa tulivu. Lakini mikono ilikuwa inajifuta kwenye aproni, inajifuta na kujifuta, na wala haikuwa na maji.

Msusi alimgeukia mumewe. Mumewe alikuwa anatazama ukoko.

Labda mambo yangeishia hapo. Kuna ndoa zinazoishi miaka na miaka na swali moja lililokaliwa, hakuna anayenyanyuka kuona kilicho chini yake. Ila mzee hakuwa mtu wa kula bila dua. Alivua kofia, akafumba macho, akaomba kama alivyoomba kwenye kila mlo tangu siku ya harusi ya binti yake.

"Tunashukuru kwa chakula hiki na kwa mikono iliyokipika. Na mama yake huyu kijana wetu, aliyetutangulia kabla hatujamjua, umpumzishe pema. Amina."

"Amina," mtoto akaitika.

Mwiko ukaanguka. Ulidunda kwenye jiwe la jiko, ukatua mavumbini, na mwenyewe hakuinama kuuokota.

"Baba," yule mama alisema, "huyo uliyemwombea ni nani?"

"Mkwe mwenzangu," mzee akajibu, bado hajui lolote. "Sikujaliwa kumwona. Lakini mimi sili bila kumtaja."

Yule mama alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepewa taarifa ya msiba. Kisha akasogea hadi mbele ya mume wa msusi, akamvua ile miwani ya jua kwa mkono wake mwenyewe.

"Nilikufa kwa ugonjwa gani?" akamuuliza.

Msusi alikiona kiti akilini. Siku ya harusi yao, safu ya mbele, kiti kitupu kilichowekewa maua, cha mama mzazi wa bwana harusi. Maua yale aliyachagua yeye. Alisimama mbele ya kiti kile akalia mpaka wanja ukamwagika, na huyu mwanaume akamshika bega, akamwambia, jikaze mke wangu, mama anatuona huko aliko. Huko aliko! Ng'ambo ya daraja, anachochea kuni!

"Moyo," msusi akasikia sauti yake ikisema. "Alituambia ulikufa kwa ugonjwa wa moyo, mama."

"Moyo." Mama akajigusa kifua. "Mwanangu, uliniambia umeoa kwa watu wakubwa, nisubiri uwaandae. Nikasubiri. Uliniambia nikikuona na mtu nisikusemeshe. Leo umekuja na watu, nimekusemesha? Kufichwa nilikubali, kwa sababu nilitaka upate. Kuzikwa sikukubali mimi."

"Watu wakubwa?" mzee alishangaa, akijitazama mikono, kucha bado zina weusi wa grisi ya miaka yote. "Sisi? Mimi maisha yangu nimelala chini ya magari ya watu!" Kisha maana ikamfikia yote kwa pamoja, na kofia ikamponyoka. "Nimekuombea pumziko la marehemu, na wewe unanipakulia. Mkwe, nisamehe. Sikujua. Nisamehe sana."

"Niliyasema kazini kwanza," mume alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Nilipoanza ofisini kule Viooni, kila mtu ananiuliza mama yako anafanya nini. Mtu akishakufa haulizwi anafanya kazi gani. Nikasema mara moja tu. Halafu nikakutana na wewe, mke wangu, na wewe ulikuwa umeshasikia kwa wenzangu. Ningemfufua vipi?" Akasimama, ufunguo wa gari mkononi. "Twendeni nyumbani. Tukayazungumze nyumbani."

Msusi hakusimama. Hasira yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuthubutu kuielekeza kwa mtu aliyestahili. Akamshika binti yake bega.

"Simama, msalimie bibi yako."

Mtoto alimtazama yule mama kwa mashaka. "Yule aliyekufa?"

"Huyu huyu."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Mama alichuchumaa, macho yamejaa. "Unaitwa nani wewe?"

"Anaitwa jina lako, mama," msusi akasema. "Tulimpa la marehemu."

Hapo yule mama akaketi chini kabisa, vumbini, akajifunika uso kwa aproni, mabega yakitikisika. Mzee akaenda kumshika mkono. Kwenye vibanda vya jirani wapishi walikuwa wamesimama na mifuniko mikononi.

Mama alipoinuka alikuwa amejifuta uso. Akaokota mwiko, akausuuza. Akachukua ile sahani yenye ukoko kutoka mahali pa mwanawe, akaiweka mbele ya mjukuu wake. Akamwongezea mzee wali, akamwongezea msusi maharage, akawahimiza wale chakula kabla hakijapoa. Ndipo akamgeukia aliyesimama na ufunguo, akamuuliza kwa sauti ile ile anayowauliza wapita njia wote:

"Na wewe mteja, nikufungie, au utakula hapa?"

Msusi akaweka kijiko chini. Na yeye alitaka kulisikia jibu.