Baba wa Ubatizo wa Kitabu cha Wafu

Igihozo alikuwa akigeuza mandazi katika karai, huko Birere, mtaa wa Goma, nyuma ya duka la matairi, mama yake alipofika akaketi juu ya gunia la makaa. Giza lilikuwa linaanza kuingia na wenye pikipiki walikuwa wanawasha taa. Mama huyo, Mama Donatille, alikuwa amekufa tangu mvua za mwaka uliopita. Miguu yake ilikuwa na vumbi la saruji.

"Soma," alisema. "Tulifika pale wanapigana."

Igihozo aliacha shule katika mwaka wa nne wa msingi, na alisoma kwa kufuatisha kidole. Kitabu kiliitwa *Wafalme wa Moto wa Chini*. Kiliandikwa na jirani yao, mwalimu Cyprien, naye alimpa nakala ili amwambie kama ni kizuri, kwa sababu wapangaji wengine wote wa ua wao walishindwa kukimaliza. Kilisimulia mji wa wafu ulio chini ya Goma. Humo wafu walivaa makoti marefu ya ngozi, walipanda pikipiki zinazoruka, walikatana kwa mapanga ya moto toka mwanzo hadi mwisho. Ukurasa wa kwanza ulisema kwamba kila mfu wa Goma yumo, na kila mmoja ana nyumba ya orofa.

Mama Donatille alisikiliza mpaka sura ikaisha, akapiga mwayo.

"Kirefu, na ndani hakuna kitu," alisema. "Hakuna hata mutu moja mwenye kuuliza kama watoto wake wamekula. Na hii nyumba ya orofa, yangu iko wapi?"

Hakuwa na nyumba. Hata kaburi hakuwa nalo tena. Makaburi ya upande wa Lac Vert, ambako ndugu zake walipasua jiwe la volkeno kwa nyundo ili apate kulala, yalikuwa yameuzwa. Papa Ntirenganya, tajiri mmoja, aliyanunua akajenga villa, jumba la orofa, na nguzo moja ya sebule, yaani saluni, ilipita katikati ya kitanda cha Mama Donatille. Tangu hapo alilala wima nyuma ya mlango wa Igihozo, maana chumba kilikuwa kimoja na kidogo. Mfu anayelala wima hupungua. Mwanzoni gunia lilibonyea akikaa. Sasa Igihozo aliona matairi ya dukani kupitia kifua chake, na alijua kwamba Noeli haitamkuta.

Igihozo alikuwa amekwenda mpaka kwenye villa kudai, akasimama, akarudi. Mbele ya watu ulimi wake uligoma.

Jumamosi kitabu kilibatizwa, yaani kilizinduliwa, kama vitabu vyote vya Goma vinavyobatizwa, katika ukumbi wa kukodi, na kwaya, na bia. Baba wa ubatizo alikuwa Papa Ntirenganya. Alimimina bia kidogo juu ya jalada, akakipakata kitabu kama mtoto mchanga, akasema katika kipaza sauti:

"Toka leo hiki kitabu ni mutoto yangu. Yeye na wote wenye kuwa ndani yake, nitawalinda, nitawalaza."

Watu walipiga makofi. Wafu pia walipiga. Walikuwa wamejaa nyuma, karibu na makreti ya bia, wengine na udongo kwenye nywele. Muzee Harelimana, aliyezikwa na suti ya harusi yake, alinyoosha mkono akapewa kipaza sauti. Lakini kipaza sauti hakichukui sauti ya mfu, kwa hiyo alikirudisha kwa adabu.

"Sema weye," Mama Donatille alimwambia binti yake. Ilibidi Igihozo ainame ili amsikie.

Igihozo alisimama.

"Jambo, papa," alisema. "Mama yangu iko ndani ya hiki kitabu. Mumesema mutawalaza. Anauliza kitanda."

Mama mmoja wa kwaya akasema, "Baba wa ubatizo hakatalake mutoto."

"Tena bia imeshamwangika," mwingine akaongeza. "Utairudisha namna gani katika chupa?"

Papa Ntirenganya alifikiri. Mtu anayemkana mtoto wake wa ubatizo mbele ya watu, hapo Goma hasalimiwi tena.

"Vyumba viko kule juu," alisema. "Mama yako ni nani?"

"Donatille. Nguzo yenu ya saluni iko ndani ya tumbo lake."

"Aa, ile ya saluni," alisema Papa Ntirenganya. "Fundi aliniambia kama kulikuwa mutu."

Wafu walipiga vigelegele mpaka glasi zikalia. Mwalimu Cyprien alisogea, akamuuliza Igihozo kama kitabu kimempendeza.

Igihozo alimtazama machoni. "Ni kibaya, mwalimu. Lakini kimetupatia nyumba."

Walikwenda mpaka kwenye villa kwa miguu, kwa nyimbo, kwenye barabara ya Sake, wafu mbele, wazima nyuma, na pikipiki ziliwapisha. Igihozo aliongoza, kichwa juu. Mama Donatille alipewa chumba chenye dirisha linalotazama ziwa. Alilala chali. Asubuhi kitanda kilikuwa kinalia chini ya uzito wake, naye aliomba chai.

Wafu wengine walijaza orofa yote, na Muzee Harelimana akalala kwenye ngazi. Alisema nafasi haitoshi. Papa Ntirenganya, ambaye hakupenda kuvunja neno lake, aliona hivyo pia. Jumatatu alirudi kwa watu wa ofisi waliomuuzia yale ya kwanza, akanunua safu iliyofuata ya makaburi, ili awajengee wafu wake nyumba ya pili. Kabla ya saa sita mafundi walikuwa wameanza kung'oa misalaba.

Mama Donatille aliegemea ukuta wa baraza la juu, mnene, anang'aa. Chini, wale wa safu mpya walikuwa wanatoka kati ya nyundo, mikeka kwapani.

"Pandeni huku," aliwaita. "Mutafute mutoto yangu. Yeye njo anatusemeaka."

Igihozo alishuka kuwafungulia lango.